Debe Litakuita Badala Yangu

Kwako Okoth mwanangu, kwa mkono wangu mimi na kwa sauti ya Mwalimu Wekesa.

Ukiisikia barua hii, treni imeshapita Muhoroni. Nimemwomba Mwalimu asiifungue kabla ya hapo, kwa sababu nakujua. Ukiisikia ukiwa bado Kisumu utashuka, utarudi nyumbani kwa miguu ukipapasa reli kwa fimbo, uje tubishane. Na mimi nikibishana na wewe huwa nashindwa. Kwa hivyo nimekungojea mahali ambapo huwezi kunijibu.

Mwalimu, wewe soma tu kama unavyosoma siku zote. Usitengeneze sauti ya mwanamke. Na pale nilipoandika vibaya pita pole pole, shule niliiachia darasa la nne.

Naandika jua likiwa bado liko juu ya ziwa, maana taa ikiwashwa kila mtu atataka kujua Mama Okoth anaandika nini. Wewe umekwenda kuwaaga watu wa kwaya. Nimekusikia ukipita nje ukicheka na Min Akinyi, jirani yetu, akikuambia umletee mzungu mmoja kutoka huko unakokwenda, ukamjibu utamletea wawili, mmoja wa kuchota maji. Nilifurahi kukusikia ukicheka. Lakini mimi hujanichekea tangu Jumapili.

Jumapili Mwalimu alikuja baada ya kanisa akakaa kwenye kiti cha baba yako. Akasema watu wa timu wamekubali kila mtupaji tufe asiyeona aende Nairobi na mtu wake mmoja wa kusimama mbele na kumwita, ajue upande wa kutupia. Akanigeukia. "Mama Okoth, si utakuja? Sauti anayoijua ni yako." Nikasema hapana. Mwalimu akafikiri ni mambo ya nauli, akasema gari moshi limelipiwa. Nikasema hapana tena. Ndipo ulipoweka kikombe chini ukasema, "Umechoka na mimi, mama." Hukuuliza, ulisema kabisa. Ukachukua fimbo ukatoka.

Hayo maneno ndiyo najibu. Habari ya sabuni na sweta ya baridi ya Nairobi sitaandika. Viko kwenye sanduku, vidole vyako vitavikuta.

Ngoja nianze mbali kidogo.

Nilikuzaa nikiwa na umri kama wako wa sasa, mwaka ule ziwa lilipopanda na kumeza mashamba. Mvua ilikuwa haikatiki, na kwa ajili ya mvua hiyo ukaitwa Okoth. Mpaka leo tukitembea pamoja watu wanadhani mimi ni dada yako. Sikujua kitu. Hata kukubeba mgongoni nyanya yako alinionyesha huku akinicheka.

Surua wewe huikumbuki. Ulikuwa umeanza kukimbia. Homa ilipotoka, macho yako yalibaki na utando mweupe. Bwana wa zahanati alikuangalia, akakufunika vizuri na blanketi, akanirudishia mikononi. Akasema, "Mos, mama. Pole sana. Huyu sasa ataona kwa masikio." Nilimchukia yule bwana. Nilidhani ananifanyia mzaha. Ilichukua miaka kujua kwamba alikuwa ananieleza kazi yangu.

Baba yako alikuwa Kericho kwenye majani chai kama alivyo sasa, na mimi ilibidi nianike dagaa wa omena ufukoni. Nani angekuangalia? Kwa hivyo nilikufunga kamba kiunoni, upande wa pili nikaufunga kwenye nguzo ya kufungia mitumbwi. Niliipima nikiona maji yako wapi. Iliishia kwenye kokoto kavu.

Nyanya yako alipokuja akaona, alisimama akashika kiuno. "Nyar Asembo," akaniita, yaani binti wa Asembo, "unafuga mbuzi au unalea mtoto?" Wanawake wote wakacheka. Nilisikia aibu mpaka masikioni, lakini kesho yake nikafunga tena. Niliogopa maji kuliko aibu.

Wewe ulikwenda mpaka mwisho wa kamba ukaketi. Ukaokota kokoto ukarusha. Ukainamisha kichwa, ukasikiliza. Chubwi! Ukacheka peke yako. Ukaokota kubwa zaidi. Siku nenda siku rudi, kazi yako ikawa hiyo, na kila mara chubwi ilitoka mbali zaidi, mpaka wavuvi wakaanza kelele.

"Mama Okoth! Mtoto wako ana vita gani na samaki wetu, hawa ngege?"

"Anawasalimia tu!"

"Basi mfungue aje avue kwa mkono, sisi tutakaa hapo tufungwe kamba!"

Watu wakikuuliza huko Nairobi ulianzia wapi mchezo huu, usiseme ulianzia shuleni. Sema ulianzia kwenye kamba ya mama yako. Kamba ilikuwa na mwisho, kokoto haikuwa nao. Na ile kamba mimi sikuifungua. Uliifungua wewe, vidole vyako vilipopata akili ya mafundo. Ukanifuata kwa sauti yangu, ukaiweka mkononi mwangu, ukasema, "Mama, kamba yako." Kama mtu anayerudisha kitu alichoazima kwa jirani.

Ulipokua, tukawa na mchezo wetu kwenye uwanja wa malisho. Nasimama mbali kwenye nyasi, naita, "Ka!" Hapa! Kisha naruka pembeni haraka, na wewe unatupa jiwe pale sauti ilipotoka. Nikienda kuangalia nakuta umepatia. Nilijivuna sana. Niliita wanawake waje waone. Min Akinyi alisema wewe ni hatari kuliko askari.

Halafu ile siku. Tunaijua wote wawili na hatujawahi kuizungumza.

Niliita "Ka!" na Min Akinyi akapita njiani akanisalimu. Nikageuka kumjibu. Sikuruka. Jiwe likanipata kwenye mfupa wa bega. Nikapiga kelele, "Uwi, nimekufa!" Ni maneno tu, kila mwanamke huku anasema amekufa akijikwaa kidole. Lakini wewe uliyasikia mara moja, halafu hukusikia kitu kingine. Kwa sababu nilikaa chini nikauma kanga yangu, ili usinisikie nikilia. Nilifikiri nakuhurumia.

Ulikuja kwa magoti, Okoth. Nilikuona unakuja unapapasa nyasi kwa mikono yote miwili, kushoto, kulia, unatafuta mwili wangu. Hukuita. Ulikuwa unapapasa tu. Na mimi badala ya kusema "Niko hapa," niliendelea kuuma kanga mpaka ulipougusa mguu wangu. Mkono wako ulikuwa baridi kama samaki.

Mimi naona, kwa hivyo mtu akinyamaza bado yuko mbele yangu. Sikujua kwamba kwako mtu aliyenyamaza hayupo.

Tangu siku ile hukutaka jiwe muda mrefu. Nikadhani umekua, umechoka na michezo. Nikaanza kukutafutia mambo mengine. Unakumbuka nilikupeleka Milimani kwa yule mama niliyekuwa namfulia nguo, nikitumaini bwana wake atakupatia kazi ya kusuka vikapu? Akaniuliza mimi, "Anaitwa nani?" Nikamwambia. "Anakunywa chai ya maziwa?" Nikasema anakunywa. Wewe umesimama hapo hapo, mrefu kunishinda. Njiani ukaniambia, "Chai ya maziwa siipendi." Tangu lini? "Tangu zamani." Mimi ni mama yako na sikuwa najua. Nilikuwa najibu swali ambalo sikuwahi kukuuliza. Huko watu watamuuliza Mwalimu habari zako wewe ukiwa umesimama hapo. Mwalimu, wakikuuliza, nyamaza. Mwache ajibu mwenyewe.

Kisha ndiyo akaja huyu Mwalimu Wekesa kufundisha michezo pale shule ya Kisian, na tufe lake ndani ya gunia. Ulilishika ukalinusa. Ukasema linanuka treni. Akakuonyesha kuliweka shingoni chini ya taya, akakuonyesha miguu, akakugeuza geuza kama fundi anayepima suruali. Mtu wa kusimama mbele akakosekana, kwa sababu Mwalimu alitaka kukaa karibu na miguu yako. Nikasema mimi nipo.

Kwa hivyo nilirudi kusimama mbele yako. Safari hii kando ya kile kichuguu kikubwa, mbali kabisa, mahali ambapo Mwalimu alisema chuma hakiwezi kufika. "Ka!" nikaita. Ukatupa. Likaanguka katikati. Jioni baada ya jioni likaanguka katikati, na Mwalimu akatikisa kichwa. "Hii mkono ya huyu kijana ni ya ajabu, mama, lakini sijui inakwama wapi." Nikakuongezea uji. Nikadhani ni njaa.

Mashindano ya mkoa pale Kisumu unayajua. Sitasahau vile watu walicheka niliposimama mbele na kanga yangu. "Mama, toka hapo, kipofu anatupa chuma!" Na mwingine, "Mwacheni, amechoka na dunia!" Niliita kwa nguvu kuliko siku zote ili nipite kelele zao. Ukatupa, ukawa nyuma ya wenzako. Walikuchukua, lakini jina lako lilikuja mwisho. Mzee mmoja wa timu, mwenye kofia, alikuja kuniambia, "Mwili ni wa tufe kabisa, mama. Lakini mkono unafunga breki. Nairobi watatupa tena, na wa nyuma watarudi makwao. Ndege ya kwenda ng'ambo ina viti vya wachache." Nilimwambia asante. Nilirudi nyumbani nikiwa nahesabu makosa ya chakula.

Sasa nakuambia kitu usichojua.

Wiki iliyofuata nilikwenda soko nikachelewa. Mwalimu alifika akakuta sipo. Alichukua lile debe langu la kupimia omena pale mlangoni, lile lenye kibonyeo ubavuni, akaenda kusimama kwenye kichuguu akaligonga na kijiti. Nilikuwa nimefika kwenye ua wa minyaa, kapu kichwani. Nilitaka kuita kwamba nimefika. Nikaona unageuza shingo kusikiliza debe, unakaza mguu. Nikaona mgongo wako. Okoth, sijawahi kuuona mgongo wako ukifanya vile. Ulikuwa kama mtu anayefungua mlango kwa bega.

Tufe lilipita kichuguu. Mwalimu aliyekuwa ameruka pembeni alishika kichwa. Likaanguka kule kwa ng'ombe wa Min Akinyi, ng'ombe akakimbia na kigingi chake.

"Okoth!" Mwalimu alipiga kelele. "Hii mkono ulikuwa umeificha wapi? Mbona Kisumu hukuileta?"

Wewe ulijipangusa mikono kwenye kaptura. Ukasema, "Kisumu mama alikuwa amesimama pale."

Ulisema hivyo tu, kama mtu anayesema mlango uko upande ule. Hukulalamika. Sijui hata kama ulijisikia ukisema. Na Mwalimu alikuwa anamkimbilia ng'ombe, sidhani alielewa. Lakini mimi nyuma ya ua nilielewa yote, tangu jiwe hadi Kisumu. Miaka yote hiyo mkono wako ulikuwa unanizunguka. Kila nilipoita kwa nguvu, ndivyo ulivyojua niko wapi, ndivyo ulivyozuia chuma kisinifikie. Nilidhani kamba ilikwisha siku uliponirudishia. Kumbe niliichukua nikaiweka kwenye sauti yangu.

Nilizunguka nikaingia kwa njia ya shambani, nikakohoa ili mjue nimefika. Nikapika. Ukala. Ukaniambia, "Leo nimetupa vizuri kidogo." Vizuri kidogo! Nikageuka kwenye moto nikajifanya moshi umeniingia machoni, halafu nikakumbuka kwamba huoni machozi, nikaacha tu yatoke.

Kwa hivyo Jumapili Mwalimu aliponiuliza, nilikuwa na jibu tayari. Sikuchoka na wewe. Natamani nikae kwenye hiyo treni bega kwa bega na wewe nikueleze kila stesheni. Natamani kuona ndege. Min Akinyi ameniita mjinga, anasema mwanamke akipewa Nairobi bure anakataaje? Nimekataa kwa sababu nikisimama mbele yako Nairobi utanitunza. Utanitunza vizuri sana, na watakurudisha nyumbani.

Utauliza kwa nini sikukuambia kwa mdomo. Ningekuambia, ungesema si kweli. Ungeapa. Ungesema, "Njoo, mama, nitatupa mpaka ng'ambo." Na ungekuwa unasema kwa moyo wako wote, nami ningekuamini kwa sababu nataka kuja. Kichwa chako kingeapa, lakini mkono usingeapa. Mkono unakumbuka nyasi. Siulaumu huo mkono. Hakuna mtu amewahi kunipenda kama mkono huo.

Nilijaribu kuandika barua hii kwa nukta zako, uisome mwenyewe kwa vidole bila mtu kati yetu. Yule mwalimu wa Maseno aliyekufundisha nukta alinipa karatasi ngumu na msumari wake. Nikatoboa na kutoboa. Nikakupa siku moja kama mchezo, unakumbuka? Ukapitisha kidole ukacheka ukasema, "Mama, hapa umeandika upele." Basi nimerudi kwa kalamu. Mwalimu amesikia yetu yote, lakini yeye ni mtu wetu sasa.

Sasa jambo la mwisho. Lile debe la omena nimempa Mwalimu. Liko kwenye mzigo wake limefungwa gunia, usishangae likigongana na sanduku. Mimi nitapima kwa sufuria, na wateja watalalamika kwamba nimepunguza, na nitagombana nao mpaka utakaporudi. Debe lile umelisikia tangu ukiwa umefungwa kwenye nguzo. Linasikika kama nyumbani. Lakini ukilipiga kwa chuma litalia tu, halitaumia. Na Mwalimu akishagonga ataruka pembeni, ana miguu myepesi kunishinda, na hana mtu wa kumsalimu njiani.

Kesho jioni nitakuja stesheni. Kama bado hutaki kunisemesha, sawa. Nitakushika mkono mpaka mlango wa behewa, nikuwekee kiganja kwenye chuma cha kushikia, halafu nitarudi nyuma. Sitakuita. Watu wote watakuwa wanaita majina ya watoto wao, na wewe utakuwa unasikiliza lako, na hutalisikia. Nimeogopa jambo hilo tangu asubuhi kuliko jambo lolote. Ndiyo maana nimeandika. Ile mara ya kwanza nilinyamaza bila kukuambia, ukanitafuta kwenye nyasi. Mara hii nakuambia. Nikinyamaza, niko. Nitakuwa nimesimama Kisumu, nikiwa na bega langu zima, nikiangalia treni yako mpaka ipinde. Usirudi kwa magoti kunitafuta.

Siku ikifika, sikiliza debe. Kaza mguu vile Mwalimu amekufundisha. Nakuapia mimi niliyekuzaa, mahali sauti inapotoka hapana mama, hapana bega, hapana mtu yeyote wa kuumia. Ni bati tu na nyasi, na nyuma ya nyasi ni uwanja mtupu mpaka macho ya wanaoona yanapoishia.

Tupa, Okoth. Tupa yote.

Mimi mama yako, niliye huku nyuma, si mbele.